Mfupa Uliokaa Dirishani

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minne. Najua kisheria hiyo inaitwa kuacha kazi, na afisa utumishi amenieleza tofauti yake mara mbili, ya pili kwa maandishi. Lakini wenzangu wa chumba cha eksirei walinifanyia sherehe ya kustaafu, wakanipa kitenge na jagi la umeme, na mmoja akasoma risala iliyoandikwa kwa ajili ya mzee mwingine. Jina walibadilisha. Mahali pamoja walisahau, kwa hiyo nimeagwa pia kama babu wa wajukuu kumi na mmoja. Baada ya heshima ya namna hiyo mtu hawezi kusema ameacha kazi tu.

Sababu za kuondoka ninazo nne, na kila aliyeuliza nimempa moja. Ninyi mnaobaki, hasa wawili mlioajiriwa juzi, mmeniomba niandike yale ambayo chuo hakifundishi. Ya kupanda daraja siyaandiki. Nilipanda mara moja na nilikuwa wa mwisho kujua. Hospitali nayo siitaji jina. Ipo upande wetu huu wa Nachingwea na Ruangwa, ina geti la bluu na bomba linalovuja, kwa hiyo inaweza kuwa yoyote.

Siku ya kwanza nilifika na digrii, koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likataka kusimama lenyewe, na maswali. Aliyenipokea ni Mzee Nambole, fundi wa picha aliyekuwa ndani ya chumba kile tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa na cheti kimoja na vidole vilivyogeuka rangi ya chai kwa dawa za kuoshea filamu. Wakati ule mashine yetu ilikuwa bado ya filamu. Unaingia chumba cha giza, unaitoa filamu kwenye kaseti kwa kupapasa, unaitumbukiza dawa ya kwanza, maji, dawa ya pili, maji tena, halafu unaianika kwenye kamba kama fulana.

"Kwa nini leo tumeitoa mapema?" nilimuuliza.

"Kwa sababu leo kuna joto."

"Kitabu kinasema dakika tano."

"Kitabu kiliandikiwa kwenye baridi, msomi."

Aliniita msomi tangu asubuhi ile, na mpaka leo sijui kama ilikuwa sifa. Kabla ya mchana alifungua droo akatoa kopo la dawa ya viatu. Ndani mlikuwa na herufi ndogo za risasi, ile risasi ya madini, inayozuia mionzi kama aproni tunazovaa. Akachambua F, akachambua N, mwanzo wa majina yangu mawili, akazibandika kwenye kipande cha plasta.

"Hizi zako. Kila picha, ziweke pembeni mwa kaseti. Zikitokea kwenye filamu, zimetokea, hazifutiki."

"Za nini? Si jina la mgonjwa lipo?"

"Jina la mgonjwa ni la kumtafuta mgonjwa," alisema. "Hizi ni za kukutafuta wewe."

Nikaona ni mambo ya kizamani. Hata hivyo niliziweka, kwa kuwa alikuwa anaangalia.

Mengine aliyonifundisha nayaandika kwa kifupi. Mgonjwa akikuambia hana kitu mwilini, muulize tena kiunoni na shingoni, maana hirizi nyingine zina waya ndani, na nimewahi kumwona daktari mgeni akitafakari kwa muda mrefu uvimbe wa mraba. Usimwambie mtu "tulia" kama kwamba amekuja kufanya fujo, mwambie "vuta pumzi, bana, usitikisike." Mzee ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, mwonyeshe kwa mwili wako mwenyewe, utaelewana naye kuliko mwalimu wake. Na jiandae kwa watu watakaorudi kukushukuru kwa kupona. Hapa kwetu picha ni dawa. Nimepigiwa magoti na bibi wa kijiji cha Mtua ambaye goti lake nililipiga picha na halikupewa hata kidonge. Nilimweleza kwamba mionzi haitibu. Akaniambia, "Ndiyo, mwanangu, lakini imenisaidia."

Kwa bidii yangu ya kuhoji nilijulikana hadi maabara. Daktari akiandika fomu ya kuomba picha ya kifua, mimi nairudisha nikiuliza kifua kimefanya nini. Nilimhoji mganga mfawidhi, nilimhoji mfamasia, nilihoji kwa nini saa ya ukutani imewekwa nyuma ya mlango. Mzee Nambole alinibishia kila siku na kunishinda mara nyingi. Mara moja tu nilimshinda waziwazi, na ilikuwa juu ya shingo.

Alikuja mzee mmoja mkulima kutoka Mtua, jina lake Mzee Chilumba, amekakamaa shingo, anageuka na mabega yote kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Fomu iliuliza kama kuna mvunjiko. Nikampiga picha ya upande. Filamu ilipokauka tukaiweka kwenye boksi la taa. Mvunjiko haukuwapo. Mzee Nambole akaweka kidole mbele ya pingili za shingo.

"Hapa mbele pana nini?"

"Uzee," nikasema.

"Mimi pia mzee. Mimi sina."

"Wewe hujapigwa picha."

Akaondoa kidole, nami nikahesabu ushindi. Nikaandika: hakuna mvunjiko, mabadiliko ya uzee. Daktari akamwandikia dawa ya kuchua, mgonjwa akaondoka na filamu yake ndani ya bahasha ya khaki, kama ilivyokuwa desturi. Mimi, niliyehoji saa ya ukutani, ile picha sikuihoji.

Baadaye Mzee Nambole alistaafu, kihalali, akarudi kwake Nanganga. Ikaletwa mashine ya kidijitali. Filamu zikaisha, kopo la dawa ya viatu likabaki kwenye droo, na mgonjwa akawa anapewa CD, ambayo kijijini hakuna wa kuifungua. Huning'inizwa shambani kufukuza ndege, na kwa kazi hiyo zina ubora wa hali ya juu.

Ilikuwa mwaka wa nne tangu ushindi wangu, Jumatatu moja, Mzee Chilumba alipoletwa tena. Sikumkumbuka. Alikuwa amekwisha, kola ya shati ingeweza kuingiza shingo mbili. Alikuja na wanawake wawili. Mmoja ni dada yake mkubwa, Bi Mwanahawa, aliyeingia kabla hajaitwa. Wa pili ni Somoe, mke wa mwanawe, aliyesimama mlangoni na chupa ya uji. Mumewe Somoe alikuwa machimboni, na mke wa Mzee Chilumba alishafariki. Jiko lote la nyumba ile lilikuwa mikononi mwa Somoe.

"Chakula hakipiti," alisema Bi Mwanahawa. "Na si cha kila mtu. Cha huyu wa mlangoni ndicho hakipiti."

"Uji unapita?" nikauliza.

"Unapita."

"Uji anapika nani?"

Pakawa kimya. Nilikifurahia kimya kile kuliko inavyofaa kazini.

"Uji ni maji," alisema mwishowe. "Maji hayashiki kitu."

Lazima niwaeleze ninyi mliotoka mbali. Kwetu mzee akikaa mezani akaacha ugali wa mkamwana bila kusema neno, amesema. Majirani waliona ugali wa muhogo unarudi jikoni mzima, wiki baada ya wiki, na wakamalizia sentensi wenyewe. Kilimi, kile kinyama cha kooni kinacholaumiwa kwa kila kikohozi, kilikuwa kimeshakatwa na fundi wa kijijini.

"Mara mbili," alisema Bi Mwanahawa.

"Mtu ana kilimi kimoja, bibi."

"Mara ya kwanza hakikukatwa vizuri."

Mzee Chilumba mwenyewe aligusa shingo, usawa wa kikoromeo. Sauti yake ilikuwa ya mikwaruzo. "Ming'oko ya kuchemsha, mwanangu. Nilikula kipande kidogo. Kilikaa hapa toka asubuhi hadi magharibi."

Nikampiga picha ya upande. Ilipotokea kwenye kioo nilisahau adabu, nikapiga meza. Mbele ya pingili za shingo mfupa ulikuwa umeota, umeshuka kutoka pingili moja hadi nyingine kama nta ya mshumaa iliyochuruzika ikaganda, na katikati umetokeza kama mdomo wa kuku. Njia ya chakula inapita hapohapo mbele ya pingili. Mfupa ulikuwa unaikandamiza kutoka nyuma. Uji unapenya, tonge halipenyi. Hakukuwa na sumu wala kijicho, kulikuwa na nafasi ndogo tu. Nikaita daktari, daktari akakubali, akaandika rufaa ya kwenda hospitali kubwa, waingize kamera kuhakikisha hakuna uvimbe mwingine na waamue la kufanya.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo Mzee Nambole hakuwahi kulifanya kwa miaka yake yote. Niligeuza kioo cha kompyuta kuwaelekea.

"Ndiyo huu," nikasema, nikimtazama Bi Mwanahawa kwa ajili ya Somoe. "Mfupa. Hakuna mtu aliyefanya kitu."

Akasogea mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. "Mfupa."

"Mfupa."

"Kooni."

"Nyuma ya koo. Umeota wenyewe."

"Wenyewe! Kama muhogo?" Akageukia mlango, akawatangazia waliokaa kwenye benchi la nje. "Jamani, mmesikia? Ana mfupa kooni, umeonekana kwenye kompyuta. Mfupa hutoka kwenye nyama. Na nyama ya sikukuu ya Idi alipika nani?"

Nilieleza. Nikachora. Kila nilipozidi kueleza, mfupa ulizidi kuwa wa kweli na Somoe akazidi kuwa mpishi. Rufaa wakaikataa. Bi Mwanahawa alikuwa na hoja ambayo, nikiwa mtu wa mantiki, sikuweza kuidharau: wakiutoa mfupa na aliyeutia bado yupo jikoni, atatia mwingine. Kwanza aondoke yeye. Ijumaa baada ya swala ataitwa mjomba wa Somoe kutoka Matambarale, amchukue. Mzee Chilumba alinyanyua mkono kusema, akashikwa na kikohozi, na kikohozi chake kikahesabiwa kuwa ndiyo.

Somoe alinisubiri nje, kwenye bomba linalovuja.

"Dada, pale ulikuwa unanisaidia?"

"Ndiyo."

"Jana walikuwa wananihisi. Leo wana picha." Alikaza kifuniko cha chupa. "Nikirudi Matambarale nitarudi na jina. Sawa, nitaishi nalo. Lakini baba uji wake nautwanga, nauchuja mara mbili kwa kitambaa, namnywesha ameketi wima. Wao hawajui. Wanamnywesha amelala. Mwezi uliopita nilikwenda msibani siku mbili, nilimkuta anapaliwa, amekuwa mweusi."

Fomu ya rufaa ilikuwa mkononi mwangu, nzuri sana, ina mihuri miwili.

Alhamisi nilipanda bodaboda hadi Nanganga. Mzee Nambole alikuwa amekaa kibarazani anapukuchua mbaazi. Nikamweleza yote, nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Hii si ile shingo ya Mtua?"

"Ndiyo, anatoka Mtua."

"Msomi. Ile shingo. Nilikuuliza hapa mbele pana nini."

Mbaazi ziliendelea kuanguka kwenye ungo. Nikamwambia haiwezekani. Akasema, haya, haiwezekani, akapukuchua ganda jingine.

"Yule mke wa kijana ameolewa lini?" akauliza.

Somoe alikuwa ameniambia: misimu mitatu ya korosho.

"Na sisi tulimpiga picha lini?"

Hesabu ilikuwa rahisi mno kwa mtu mwenye digrii.

"Kaitafute filamu," alisema. "Watu wetu hawatupi filamu, ni plastiki nzuri. Na ukiipata, angalia pembeni." Halafu akacheka, mzee yule, akacheka mpaka akaweka ungo chini.

Nilirudi nikiwa na njia nyingine kichwani, na nakiri niliipenda: ningeweza kunyamaza. Filamu huenda ilishapotea. Hakuna aliyenikumbuka, mimi mwenyewe sikuwa nimekumbuka. Mfupa ule kama ningeuandika miaka minne nyuma, Mzee Chilumba angepelekwa kwa wataalamu akiwa bado ana nyama mwilini, na Somoe angeolewa kwenye nyumba ambayo tayari inajua kwamba mzee hamezi vizuri. Yote hayo yangetegemea maneno matatu niliyoyaandika ili kushinda ubishi.

Ijumaa nikaenda Mtua. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa. Bi Mwanahawa upande huu, mjomba upande ule, mtu mfupi mwenye kofia safi aliyekuja na baiskeli yake na hakutaka chai. Mzee Chilumba ameegemea nguzo. Furushi la Somoe lilikuwa tayari, limefungwa kwa kanga, limewekwa mlangoni pa jiko.

"Dada wa picha umekuja," alisema Bi Mwanahawa. "Umeleta nyingine?"

"Nimefuata ya zamani. Mzee, ulipigwa picha kwetu, shingo hiyohiyo. Filamu iko wapi?"

Mzee alinyoosha kidole jikoni.

Ilikuwa dirishani. Dirisha dogo la jiko lilizibwa kwa filamu, imepigiliwa misumari minne, mvua isiingie. Somoe alikuwa anaifuta masizi kila Ijumaa.

"Hii?" aliuliza. "Mimi nilidhani ni mgongo wa samaki."

Miaka mitatu alipika ule ugali chini ya shingo ile. Mjomba aling'oa misumari kwa ncha ya panga, tukaitoa uani, nikaiinua kwenye jua. Pembeni ilikuwa imekunjamana, lakini pingili zilionekana, na mbele yake mfupa, mdogo zaidi, laini zaidi, lakini upo, na mdomo wake umeshaanza. Nikaweka simu pembeni yake. Hata mtoto angeona ni mmea uleule, mmoja mche na mwingine umekomaa.

"Hapo juu pameandikwa tarehe," nikasema. "Mwandiko wangu. Mjomba, soma."

Mjomba alisoma, akahesabu kwa vidole, polepole, kwa raha ya mtu aliyeitwa kwenye mashtaka akakuta ana shahidi. "Mwaka huo Somoe yuko kwangu," alisema. "Yuko Matambarale anapalilia ufuta. Hata posa hamjaleta. Sasa huu mfupa aliurusha kutoka huko, kwa mtu asiyemjua, akiwa na jembe mkononi?"

Bi Mwanahawa aliichukua filamu. Aliitazama muda mrefu, na sikupenda alipopatazama.

"Hizi herufi mbili ni za nani?"

F na N, nyeupe, safi kuliko kitu chochote kwenye ile filamu.

"Zangu."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyempiga."

"Ndiyo."

"Na mfupa ulikuwapo."

"Ulikuwapo."

"Ukamwambia nini ndugu yangu?"

"Nilisema ni uzee, bibi. Nilikosea. Nilitakiwa kumpeleka kwa wakubwa wangu siku ileile. Sikumpeleka."

Nilikuwa nimehoji watu wengi maishani. Sikuwahi kujua ni kazi ngumu kiasi gani kukaa upande wa pili.

Mjomba alikohoa. "Basi mchawi tumempata," alisema, "na amekuja kwa miguu yake." Kilichofuata sikukitarajia: Mzee Chilumba alicheka. Kilikuwa kicheko cha mikwaruzo kilichogeuka kikohozi, na Somoe alikuwa ameshamfikia, amemketisha wima, mkono mmoja mgongoni, mwingine kwenye kidevu, kabla sisi wengine hatujainuka. Bi Mwanahawa aliuona ule mkono. Sote tuliuona. Kisha bibi alilibeba furushi mwenyewe akalirudisha ndani, akatoka akisema chai imepoa na wageni hawajanywa.

Rufaa alikwenda wiki iliyofuata, Somoe akiwa msindikizaji. Kamera ilipita, uvimbe mwingine hakuna. Wataalamu walisema mfupa unaweza kuchongwa kwa upasuaji, lakini kwa umri wake na sukari yake waanze na njia ya pole: dawa ya kupunguza uvimbe, vyakula laini, tonge dogo, kidevu kifuani wakati wa kumeza. Uji wake wa kuchujwa waliusifu. Mara ya mwisho nilipopita Mtua alikula ugali mbele ya watu, laini, umechovywa kwenye mchuzi wa kunde, kidevu chini kama mtu anayeomba radhi. Alichukua nusu saa kwa matonge sita. Majirani watatu walikuwa na shughuli muhimu uani kwa muda wote huo.

Msidhani sayansi ilishinda. Mtua sasa wanasema mfupa ulitiwa na picha: dada wa hospitali alimpiga mzee wa watu na mashine yake, akaweka na herufi zake pembeni, ukaota. Walikuwapo waliogoma kuingia chumba kile nikiwa zamu, mmojawapo yule bibi wa goti. Nilipoanza kusikia hivyo nilitaka kupita nyumba kwa nyumba kueleza. Halafu nikafikiri: jina lile lilipaswa kukaa mahali, na lilikuwa linakwenda Matambarale kwenye furushi la kanga. Acha likae kwangu. Hiyo ni sababu mojawapo kati ya zile nne, ambayo sijampa mtu mpaka leo.

Mashine yenu mpya inaandika jina la mpigaji yenyewe, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma. Kopo la dawa ya viatu lipo droo ya pili. Chambueni zenu.

Niliiomba ile filamu, nikitaka kuiweka kwenye boksi la taa iwe funzo kwenu. Somoe alikataa. "Mvua inakuja, dada. Dirisha niliache wazi?" Wameirudisha palepale, misumari minne. Zamani ilipigiliwa kinyume. Safari hii Bi Mwanahawa alisimamia mwenyewe: herufi zangu zinasomeka ukiwa ndani.